Kuziba Nafasi Pembeni mwa Dirisha Jipya

Wale waliopita shuleni kwetu muhula huu wameona ya kuwa madirisha ya mabweni yamebadilishwa. Yale ya zamani ya chuma, ambayo yalikuwa yameliwa na kutu hata hayafungiki, yametolewa, na mahali pake yametiwa madirisha ya alumini yenye vioo vya kuteleza. Watu wengi wamevisifu vioo, na kweli ni vizuri. Lakini mimi napenda kueleza habari za kitu ambacho hakionekani tena baada ya kazi kwisha. Kitu hicho ni ile nafasi iliyo baina ya fremu na ukuta, pamoja na lile povu la manjano ambalo mafundi walilipuliza humo kutoka katika kopo. Wenzangu wengine walidhani ni gundi ya kushikia dirisha, na wengine walisema ni anasa tu. Si gundi, wala si anasa. Walakini povu hili lina masharti yake, na asiyeyajua aweza kujidhuru nalo.

Sisi tukaao Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kuelezwa baridi ni nini. Mwezi wa Juni na Julai upepo huvuma usiku kucha, na kule Makete ziko asubuhi ambazo sakitu hulala juu ya majani. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu asiyeziba ufa hulala na sweta na soksi jozi mbili.

Nafasi hutoka wapi?

Mtu aweza kuuliza, kwa nini fundi asikate fremu ikalingana sawasawa na tundu la ukutani? Hawezi, tena haifai. Kwanza, ukuta wa matofali haukunyooka. Ukipima upana wa tundu juu, katikati na chini, mara nyingi utapata vipimo vitatu mbalimbali. Fundi hukichukua kile kilicho kidogo kuliko vyote, kisha hupunguza tena kidogo, ili fremu iingie bila kugongwa na aweze kuisimamisha wima kwa pimamaji. Pili, dirisha la zamani haling'oki kwa upole. Vyuma vilivyozama ukutani hutoka pamoja na plasta na vipande vya matofali, pakabaki mashimo. Tatu, alumini hutanuka ipatapo joto na husinyaa ipatapo baridi, kwa hiyo yahitaji mahali pa kutanukia.

Nafasi ya sentimita 1 yaonekana si kitu. Lakini tufanye hesabu. Dirisha moja la bweni letu lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 1.2. Mzingo wake ni mita 5.4, yaani sentimita 540. Nafasi ya sentimita 1 kuzunguka dirisha lote ina eneo la sentimita za mraba 540. Bweni lina madirisha 12, basi jumla ni sentimita za mraba 6,480. Hilo ni sawa na kutoboa ukutani tundu la mraba ambalo kila upande wake ni sentimita 80! Hakuna mtu ambaye angeona tundu la namna hiyo akasema liachwe. Lakini kwa kuwa limegawanyika pembeni mwa madirisha 12, watu huliacha, wakashangaa mbona vioo ni vipya na baridi ni ile ile.

Tena kipitacho hapo si upepo peke yake. Mvua ya pembeni huingia ikalowesha plasta, na mbu hupita bila kubisha hodi. Watu wengine hushindilia matambara na karatasi za mifuko ya saruji, nayo hunyonya maji na kuwa maskani ya kunguni na mende.

Joto la bweni latoka wapi?

Bweni letu halina moto wala mtambo wa kulitia joto. Joto lake ni la wenyeji wake. Mtu aliyelala hutoa joto la wati 70 hivi. Wanafunzi 40 wakilala pamoja hutoa wati 2,800, ambazo ni zaidi ya joto la pasi mbili za umeme zinazowaka mfululizo. Joto hilo latosha kupunguza ukali wa baridi, ikiwa tu upepo hauji kulichukua kila dakika na kulipeleka nje. Basi kazi ya kwanza ya kuziba nafasi ni kuukomesha upepo usiokuwa na mpango.

Kazi ya pili ni kuzuia joto lisipite katika kile kizibo chenyewe. Hapo twakumbuka somo la Fizikia. Vitu hupitisha joto kwa kadiri mbalimbali. Tukichukua plasta ya saruji na mchanga kuwa kipimo cha 1, povu hili ni kama 0.035, na alumini ni kama 200. Yaani povu hupitisha joto kwa uchache wa takriban mara 30 kuliko plasta. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya povu si povu lenyewe bali ni gesi iliyofungiwa katika vijumba vidogo sana. Gesi isiyotembea hupitisha joto kwa taabu. Ndiyo hila ile ile ya blanketi la sufi na manyoya ya ndege.

Lakini tusilisifu kupita kiasi. Alumini na kioo kimoja hupitisha joto upesi, na povu pembeni haliwezi kuligeuza dirisha likawa blanketi. Manufaa yake makubwa ni katika upepo, vumbi na wadudu.

Povu ni kitu gani?

Jina lake la kikemia ni poliyurethani. Mwenye kuvumbua njia ya kuitengeneza ni Mjerumani mmoja, Otto Bayer, ambaye yeye na wenzake walifanya kazi hiyo mjini Leverkusen mwaka 1937. Leo jamaa za dutu hiyo zimo katika magodoro tunayolalia, katika nyayo za viatu, na katika kuta za friji.

Ndani ya kopo mna uji mzito wenye kemikali iitwayo isosayaneti, pamoja na gesi iliyoshindiliwa hata ikawa maji. Fundi akibonyeza, gesi huchemka ghafula na kuumua ule uji kama mandazi. Kisha kazi ya pili huanza: isosayaneti hukutana na unyevu wa hewani na wa ukutani, na katika kuungana huko hutoka kabonidioksaidi, ambayo huliumua povu zaidi, na uji hugeuka kuwa kitu kigumu. Kwa hiyo povu hili hukaushwa na maji! Ndiyo maana fundi mzuri hunyunyizia ukuta maji kidogo kabla ya kupuliza. Wengi waliomwona akifanya hivyo walidhani anaosha vumbi tu.

Gesi hiyo nayo ina historia yake. Zamani zilitumiwa gesi zilizoharibu tabaka la ozoni, ambazo mataifa yalikubaliana kuzipunguza katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Zikaja nyingine zisizogusa ozoni lakini zenye kuongeza joto la dunia, na hizo zikawekewa mipaka katika mapatano yaliyofanyika Kigali, Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016. Siku hizi makopo mengi hutumia propani, butani na nyinginezo za namna hiyo. Hizo haziharibu ozoni, lakini ni ndugu wa gesi ya kupikia, na huwaka.

Kwa nini si saruji?

Mzee mmoja aliyekuja kumtembelea mwanawe aliuliza swali la busara. Alisema, sisi tumeziba pembeni mwa madirisha kwa saruji na mchanga maisha yetu yote, kwa nini leo tununue povu? Jibu ni kwamba kwa fremu za mbao saruji ilifaa, na kwa nafasi pana bado yafaa. Nafasi ikizidi sentimita 3 hivi, ni afadhali kuipunguza kwanza kwa vipande vya matofali na saruji, kwa kuwa ni imara, ni rahisi kwa bei, wala haishiki moto.

Lakini saruji na alumini hazikai vizuri pamoja. Saruji mbichi ina ukali wa alkali, nao huila alumini na kuiachia madoa meupe. Tena kuna lile jambo la kutanuka. Fremu ya mita 1.5 ikitoka katika baridi ya digrii 8 alfajiri hata digrii 38 jua linapoipiga, hurefuka kwa milimita 1 hivi. Ukuta wa matofali hurefuka kwa chini ya theluthi moja ya hiyo. Milimita 1 ni kidogo, lakini hurudiwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka saruji iliyoshikamana na fremu ikapasuka. Na ufa mwembamba kama unywele watosha kuleta maji. Povu lina unyumbufu kidogo, hufuata fremu iendako na irudiko.

Namna ya kufanya kazi

Kwanza fremu hushikwa kwa kabari, hupimwa kwa pimamaji, kisha hufungwa ukutani kwa skrubu. Jambo hili lapaswa kutiliwa mkazo: povu halishiki dirisha. Skrubu ndizo zinazolishika. Dirisha lililosimama kwa povu peke yake litatikisika, na siku moja litaanguka.

Pili, nafasi husafishwa kwa brashi, maana povu likishika vumbi halikushika ukuta. Kisha hunyunyiziwa maji.

Tatu, fundi hulitikisa kopo mara 20 au 30, hulipindua kichwa chini, na kujaza nafasi kuanzia chini kwenda juu. Hajazi yote. Hujaza kama nusu tu na kuliacha povu lijiumue lenyewe. Asiye na subira hujaza mpaka pomoni, na povu likiumuka husukuma fremu ikapinda, na kioo hakitelezi tena. Yako makopo ya povu lisiloumuka sana, yaliyotengenezwa kwa ajili ya madirisha na milango, nayo ndiyo ya kununua.

Nne, povu huachwa likauke. Ngozi yake hukauka kwa dakika 10 au 15, baada ya saa moja au mbili laweza kukatwa kwa kisu, na kukauka kabisa huchukua hata saa 24. Povu bichi likigusa fremu hutolewa kwa asetoni. Likikauka hakuna dawa ila kukwangua.

Hesabu ya vifaa si kubwa. Nafasi yetu ya sentimita 1, ikijazwa kwa kina cha sentimita 6, yahitaji lita 3.24 za povu kwa dirisha moja, na lita 39 hivi kwa madirisha 12. Kopo moja la mililita 750 huweza kutoa lita 30 au zaidi. Basi makopo mawili yatosha bweni zima.

Masharti manne

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba povu likikauka kazi imekwisha.

Sharti la kwanza ni jua. Mionzi ya urujuanimno hulila povu. Povu lililoachwa wazi hugeuka kutoka manjano kuwa kahawia, kisha huwa kama makombo ya mkate, ukiligusa lamomonyoka. Kwa hiyo hapana budi kulifunika.

Sharti la pili ni maji. Povu huzuia upepo, lakini si kizuizi cha mvua kwa miaka mingi. Nje hufunikwa kwa plasta, na kati ya plasta na fremu hupitishwa mstari wa silikoni ambayo hunyumbuka. Kizingiti cha chini nacho kiwe na mteremko wa kuyapeleka maji nje. Mafundi wa Ujerumani wana kanuni kwamba upande wa ndani uzibwe sana kuliko wa nje, ili mvuke wa chumbani usiingie katikati ukafanyika maji, na ule utakaoingia upate njia ya kutokea.

Sharti la tatu ni moto, na hili kwa sisi tulalao wengi chumba kimoja ni kubwa kuliko yote. Povu la kawaida huwaka, na moshi wake una kaboni monoksaidi na sianidi, ambazo huua kabla ya miali kufika. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la ghorofa 24 la Grenfell Tower, mjini London, liliwaka moto na watu 72 wakafa. Jengo lile lilikuwa limekarabatiwa na kutiwa madirisha mapya, kazi iliyokwisha mwaka 2016. Moto ulianza jikoni katika ghorofa ya 4. Kamati ya uchunguzi, katika taarifa yake ya Oktoba 2019, ilieleza kwamba yaelekea moto ulitoka jikoni na kufika ukuta wa nje kwa kupitia pembeni mwa dirisha, mahali palipozungushiwa plastiki na vihami vyenye kushika moto. Kilichoupandisha juu kwa kasi ni mabamba ya ukutani yenye plastiki ndani, lakini mlango wake ulikuwa ni ile nafasi ya dirisha. Fundisho kwetu ni wazi. Povu lisiachwe wazi chumbani, bali lifunikwe kwa plasta pande zote mbili, na nyaya za umeme zisipitishwe ndani yake. Ipo aina iliyotiwa dawa ya kukawiza moto, ambayo mara nyingi hutiwa rangi ya waridi. Hiyo ni bora, lakini nayo yahitaji plasta.

Sharti la nne ni pumzi. Povu bichi lina isosayaneti, ambayo huwasha macho na ngozi na yaweza kuleta pumu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 24 Agosti 2023, mfanyakazi haruhusiwi kutumia dawa zenye kemikali hiyo kazini bila kupata mafunzo. Kwa hiyo fundi avae glavu na miwani, madirisha yawe wazi, na asiwepo mtu mwenye sigara. Makopo matupu yasitupwe katika shimo la taka linalochomwa moto, kwani bado yana gesi na hupasuka kama bomu. Nawaomba zamu ya usafi wakumbuke hilo.

Kuziba si kujifungia

Nimebakiza jambo moja, ambalo nawaomba wenzangu walisome mara mbili. Dirisha la zamani lilituletea baridi, lakini pia lilituletea hewa. Sasa tumeukomesha upepo usio na mpango, basi yatupasa kuutunza ule wenye mpango. Juu ya kila dirisha la bweni mna matundu ya hewa yenye wavu, na mafundi hawakuyagusa kwa makusudi. Lakini baadhi yetu wameanza kuyaziba kwa magazeti wakati wa usiku. Hiyo si akili. Watu 40 wakilala katika hewa isiyobadilika huamka na vichwa vizito, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote. Kifua kikuu hupenda chumba cha namna hiyo.

Na kwa wazazi wetu nyumbani, jambo hili ni la kufa na kupona. Huku milimani ni desturi kuingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Mkaa uwakao hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika nyumba yenye nyufa sehemu ya gesi hiyo ilitoka kwa bahati, ingawa hata humo watu wamekufa. Katika nyumba iliyozibwa kwa povu bahati hiyo haipo. Aliyetia madirisha mapya na kuyaziba vizuri asilale na jiko la mkaa chumbani hata kwa dakika chache, wala asidanganyike kwamba mkaa ulioshika majivu umekwisha kuwa salama.

Kwa kumalizia, mzazi anayetaka kubadilisha madirisha ya nyumba yake amwulize fundi maswali matano kabla ya kumlipa. Fremu imefungwa kwa skrubu ngapi? Povu hili ni la madirisha au ni la kawaida? Utalifunika kwa plasta ndani na nje? Mstari wa silikoni utapita wapi? Na hewa safi itaingilia wapi? Fundi anayejua kazi yake atajibu yote bila kukasirika. Asiyejua atasema, usiwe na wasiwasi, povu litashika kila kitu. Huyo mwambie asubiri kwanza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne